Akerere, Njiwa Zake na Kuku Zangu

Sikumupenda, na yeye hakunipenda, na tuliishi ua kwa ua pale Bunia miaka mingi bila mumoja wetu kumudanganya mwenzake juu ya jambo hilo. Ninaandika habari zake kwa sababu wanaomukumbuka leo wanamukumbuka vibaya. Wengine wanasema alikuwa mwizi, wengine wanasema alikuwa tajiri. Hakuwa mwizi wala tajiri. Alikuwa mutu aliyepewa.

Tulimwita Akerere. Ni neno la Kifransa la mutu aliyenunua mali, lakini wote tulilijua, hata siye tuliokomea darasa la pili la primere. Katika miaka ya sabini Leta, yaani serikali, iliwanyanganya wageni maduka yao, zile magazini, ikawagawia wananchi, na mwananchi aliyegawiwa aliitwa hivyo. Huyu wetu alipewa nyumba ya Mugiriki mumoja, na magazini yake, na kamyo yake ya kubeba mizigo, na pembeni ya nyumba, upande wa barabara, akapewa voliere: chumba kizima cha grilaje, waya wa matundu, kirefu kuliko mutu, ndege ndani. Kulikuwa njiwa weupe wenye mikia inayofunguka kama upepeo, kulikuwa kanga, kulikuwa kasuku wadogo wa kijani ambao hawakutoka mu pori yetu. Bibi ya Mugiriki ndiye aliyewafuga. Siku ya kuondoka alilia juu ya ndege kuliko juu ya nyumba.

"Utanichungia hawa," alimwambia Akerere.

"Ndiyo, Madamu," akajibu, sawasawa na mutoto anayetumwa chumvi.

Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia kwa masikio yangu.

Parsele yangu, kiwanja changu, ilikuwa nyuma ya ile yake. Mimi sikupewa. Nilitoka Butembo juu ya magunia ya viazi, nikafyatua matofali yangu mwenyewe, nikajenga, nikaanza kufuga kuku. Hoteli ya mujini ilinunua kwangu mayai, watu wa zahabu kutoka Bambu walinunua kuku wazima, na watoto wangu walikaa mu masomo kwa kuku hao. Kuku wakifa, mimi ninarudi juu ya magunia. Anayesoma akumbuke hilo, kwa sababu Akerere alilijua vizuri na halikumusumbua hata siku moja.

Tabia zake ninazijua kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa wa miti tu, na miti haifichi kitu. Asubuhi alitoka amevaa abakosti yake ya rangi ya majani, suti ile isiyovaliwa tai, amefunga vifungo mpaka shingoni hata kama jua linachoma. Hakuniita kwa jina. Aliniita "Sitwaye", yaani mwananchi, kama vile tuko mu mukutano. Mimi nilimwita "Patro", yaani bosi, naye alifurahi, hakusikia kwamba namucheka.

Kwa watu alikuwa mugumu. Alipopima sukari, kidole chake kilipanda mizani pamoja na sukari. Jirani akifiwa, alituma mutu kusema pole, hakwenda. Lakini mutama wa njiwa aliuchunga mwenyewe kwa chekeche, akichuja mawe, amechuchumaa na abakosti yake. Ndege aliwasemesha kwa Kifransa tu, kwa sababu Madamu aliwasemesha hivyo, na alidhani hawajui lugha nyingine. Kifransa chenyewe kilikuwa kidogo. Maneno yakimwishia alirudia yale yale: "Bonjour, bonjour, ça va, mangez."

Siku moja kasuku mumoja alishikwa na kikohozi. Akerere alimutia ndani ya abakosti, akaenda disipanseri, akapanga foleni katikati ya wamama wenye watoto. Infirmie alipomufikia akauliza:

"Muzee, unaumwa wapi?"

Akafungua kifungo, kasuku akatoa kichwa.

"Huyu iko na karti ya mugonjwa?" infirmie akauliza, na disipanseri yote ikaanguka kicheko.

Akerere hakucheka. Alisema, "Weye mupatie dawa. Karti itakuja."

Nilipoambiwa nilicheka mpaka machozi. Lakini nitasema na hili, kwa sababu sipendi kusema nusu: miaka yote ile sikuona manyoya ya njiwa mu jiko lake. Magazini aliikula. Kamyo aliiendesha bila mafuta ya injini mpaka ikafia njiani. Manjanja ya dipo yake, yaani mabati ya ghala, aliyauza moja moja mpaka mvua ikaingia. Ndege hakula hata mumoja. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akaniangalia kwa dharau, akasema:

"Kitu ya kununua inajua bwana yake. Kitu ya kupewa inangojea tu."

Alikuwa na maneno kama hayo. Mukristo mwenzangu mumoja aliyaona ni hekima. Mimi niliona ni woga uliovaa abakosti.

Sasa nifike kwa kipanga, maana bila kipanga tungeishi kama majirani wengine, kila mutu na chuki yake ndogo.

Kipanga wa Bunia anakaa juu ya miti mirefu ya mikalitusi. Kuku anayetembea inje anamushukia kama jiwe. Kwa ndege wa voliere anafanya akili nyingine. Anapita karibu na grilaje kwa nguvu, ndege wanashituka, wanaruka ovyo, wanajitupa juu ya waya. Pale pale anageuka, anashika kichwa au muguu unaotokea mu tundu la waya, anavuta. Mwili unabaki ndani, kichwa kinakwenda. Asubuhi unakuta njiwa muzima, mweupe, mwenye mukia mzuri, hana kichwa.

Dawa yake si kubwa. Miti ambayo ndege wanakaa juu yake unaiweka katikati ya chumba, mbali na waya. Ukiweza unaongeza grilaje ya pili inje, nafasi ya mukono mumoja kati yake na ya kwanza. Hii haihitaji masomo. Bibi yake Akerere, mama mupole kutoka upande wa Nyankunde, aliisema kila wiki.

"Baba, sogeza miti katikati."

"Mu katikati nani ataona ndege?"

"Kipanga hataona."

"Na batu? Batu wa barabara?"

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Miti ilikuwa imepangwa upande wa barabara, imeshikana na waya, ili mutu anayepita aone njiwa wamejipanga weupe weupe na ajue hapa ni kwa nani. Magazini ilikuwa imebaki na sabuni na biberiti, lakini voliere ilikuwa bado inasema habari za Patro. Akerere alikubali kupoteza vichwa kuliko kusogeza miti.

Akatafuta njia zingine. Kwanza alitundika vipande vya kioo ili mwanga umupofushe kipanga. Kipanga akazoea. Halafu aliona wamama wa kartie, wa mutaa wetu, wanapaka vifaranga vyao rangi ya zambarau ili kipanga asivitambue kama chakula, naye akanunua rangi ile ya kuchora mikeka, akatia njiwa wa Madamu ndani ya beseni mumoja mumoja. Ndugu, njiwa wa zambarau! Watu walitoka mpaka sokoni kuja kuona. Majike walikataa madume, madume waligombana na majike, na kipanga alichukua wawili wa kwanza ndani ya juma lile lile. Alikula rangi na nyama.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wangu nikifurahi. Kisha Akerere akapata shauri la tatu, na furaha yangu ikaisha.

Alikuwa ameona kitu ambacho kila mutu amekiona. Kunguru hamupendi kipanga. Kunguru watatu wakimuona juu wanamufukuza, wanamupiga na mabawa, wanamutukana mpaka avuke mulima. Akerere akasema moyoni: basi, nitaandika kunguru kazi. Kila asubuhi akaanza kutupa vichwa vya samaki ya Kasenyi, kule ziwani, chini ya mikalitusi iliyokuwa mbele ya voliere. Siku za kwanza walikuja wachache. Baadaye walikuja wote. Wale weusi wenye kola nyeupe, wanatembea kama mapadri waliokosa misa. Walijenga viota vyao mu mikalitusi, na kipanga akitokea tu, jeshi zima linapanda.

Ilifaa. Nasema kweli, ilifaa kabisa. Msimu muzima hakuna njiwa aliyepoteza kichwa. Watu walisimama barabarani kutazama vita ya juu, wakapiga makofi, na Akerere alisimama chini, mikono nyuma, kama komanda anayekagua askari.

Lakini kichwa cha samaki ni chakula cha asubuhi. Saa sita kunguru ana njaa tena, na nyuma ya ukuta wa miti kuna parsele yenye kuku, yenye mayai, yenye vifaranga vya manjano vinavyotembea polepole. Kipanga alikuwa akinichukulia kifaranga mara moja moja. Kunguru wa Akerere walikuja kwa kikosi. Mumoja anamuvuta kuku mama mukia, mama anageuka kupigana, wengine wanabeba watoto. Mayai waliyatoboa ndani ya viota, wakanywa, wakaacha maganda yamesimama kama yangali mazima. Bibi yangu alikuwa akiokota yai, anaona ni jepesi, anakaa chini analia.

Nilikwenda ukutani.

"Patro!"

"Sitwaye."

"Kunguru yako inamaliza batoto ya kuku yangu."

"Kunguru gani?"

"Ile unalisha."

Akatazama juu ya mikalitusi, kama mutu anayeziona kwa mara ya kwanza. "Ile? Ile iko ndege ya Mungu."

"Mungu hapana tupaka vichwa ya samaki mu parsele yako."

"Sasa unataka nini? Nifukuze? Na kipanga akuje kukamata njiwa ya Madamu?"

"Weka miti katikati."

Hapo uso wake ukafunga. "Weye muuza mayai ndio utanifundisha kupanga nyumba yangu?"

"Nyumba yako?" nikasema. "Ulinunua lini?"

Nilijua neno hilo litamuuma mahali gani, na ndipo nililipeleka. Aliondoka, na kesho yake alitupa vichwa vya samaki mara mbili, asubuhi na saa nane.

Nikamushitaki kwa shefu wa kartie. Shefu alituketisha mbele ya nyumba yake, watu wakajaa, maana hakuna aliyetaka kukosa. Shefu alikuwa amevaa shati jipya alilopewa na Akerere. Niliona shati, na yeye aliona kwamba nimeliona.

"Akerere, kunguru hii ni yako?"

"Hapana, Shefu. Mimi nafugaka njiwa. Kunguru iko ndege ya juu."

"Lakini inakula kwake kila siku!" nikasema.

"Shefu, mimi natupaka takataka mu parsele yangu. Iko sheria inakataza mutu kutupa takataka kwake?"

Mama mumoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Takataka ya samaki mazima mazima! Utupie na siye basi!" Watu wakacheka.

Shefu alikuna shavu, akafikiri, au alijifanya kufikiri. Halafu akakata:

"Kitu ya juu ni ya Leta. Sitwaye, kama kunguru ilikula kuku yako, ushitaki Leta."

Walicheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Akerere alisimama, akanyoosha abakosti, akanipa mukono mbele ya watu. Niliushika, kwa sababu ningeuacha wangesema sijui adabu. Ulikuwa mukono baridi, na alinibana vidole kidogo, kusudi nijue.

Hapo nilikuwa na njia mbili: kuuza kuku waliobaki na kurudi kwetu, au kujenga. Nikajenga. Nilikwenda mpaka Mambasa kutafuta miti isiyoliwa na mchwa. Nilikusanya grilaje kuukuu, vipande vya magari, mapipa niliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Nikafunika banda lote, juu na pembeni, waya mara mbili, miti ya kulalia katikati kabisa. Mwaka ule familia yangu ilikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na mwana wangu mukubwa alikaa nyumbani badala ya masomo. Nililiweka hilo kwa hesabu ya Akerere na sijalitoa. Lakini banda liliposimama, hakuna kitu chenye bawa kilichoingia bila ruhusa yangu. Kunguru walikaa juu ya paa langu wakiangalia chini, wakitukana. Niliwajibu.

Kuku wakarudi, mayai yakarudi, hoteli ikarudi. Nikaongeza parsele ya upande wa pili.

Yeye alikuwa anashuka. Kamyo za Kasenyi zilianza kuchelewa, barabara ikaharibika, na magazini haikuwa na kitu cha kubadilisha na samaki. Vichwa vikapunguka. Kunguru si mujinga. Ukikosa kumulisha anahama, na walihamia sokoni, kule wanakopasulia samaki. Mikalitusi ikanyamaza. Asubuhi moja nikasikia bibi ya Akerere akilia kwa sauti ya musiba, nikachungulia ukutani. Njiwa wanne walikuwa chini, hawana vichwa. Akerere alikuwa ndani ya voliere na abakosti yake, anawaokota na kuwafuta damu kwa kitambaa. Na miti ilikuwa pale pale, upande wa barabara. Hata siku ile hakuisogeza. Mimi nimeona watu wakaidi, hata mimi si mwepesi, lakini ule ukaidi sijui ulipikwa mu chungu gani.

Katika wakati huo habari zilikuwa zimeanza kutembea kwamba Leta imebadili mawazo, wageni watarudishiwa mali. Akerere hakulala tena vizuri, bibi yake alituambia. Alitembea mu dipo isiyo na paa akihesabu ukuta. Sote tulielewa. Hakuwa na cha kumuonyesha Mugiriki. Magazini haikuwapo, kamyo ilikuwa chuma. Zilibaki ndege tu, na kwa hizo alitaka kusimama mbele ya Madamu na kusema: ulichoniambia nichunge, nimechunga. Alichuja mutama kwa bidii zaidi. Aliosha kasuku kwa maji ya moto. Alilala kitini mbele ya voliere na fimbo, kipanga akipita anapiga grilaje na kuwashitua ndege kuliko kipanga mwenyewe.

Madamu hakurudi. Alikuja mwana wake, kijana wa miwani, na gari ya kukodi. Nilikuwa barabarani. Alizunguka nyumba, akatazama dipo, akatazama magazini, akaandika. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akerere alimufuata hatua kwa hatua, kofia mukononi, mpaka walipofika voliere.

"Ndege ya Mama yako," akasema. "Iko yote. Ilizaa hata."

Kijana alitazama kama mutu anayetazama ndoo. "Mama alikufa," alisema. "Hapa nitajenga garage. Toa hivi vitu mbele ya mwisho wa mwezi."

Nilingoja kufurahi. Furaha haikuja, lakini huruma pia haikuja; nisidanganye watu.

Akerere alihamia chumba kimoja cha kupanga, upande wa chini karibu na mutoni, nyumba ya manyasi. Pale hakuna voliere, na kipanga wa mutoni ni wengi kuliko wa mujini. Nilisikia kwamba amewaweka ndege ndani ya chumba anacholala, yeye na bibi yake, na kwamba wanakufa kwa moshi.

Miaka ya themanini ilikuwa imeshaanza aliponijia. Nilikuwa mbele ya banda langu, ninalisha. Nilimuona anakuja na kitunga kikubwa juu ya kichwa, yeye ambaye hakubeba hata mwavuli wake mwenyewe. Bibi yake alifuata nyuma na kitunga cha pili. Abakosti ilikuwa ile ile, ila kola ilikuwa imeliwa.

"Muzee," akaniambia. Hakusema Sitwaye.

"Karibu."

Alitua kitunga. Ndani mulikuwa na njiwa, wamejikunja, weupe wao umekuwa wa majivu. Hakunizungusha, nitampa sifa hiyo.

"Kule kwangu bitaisha. Hii juma ilikufa tano. Nasikia kwako kipanga haiingiaka."

"Haiingiaka."

"Naomba uiweke."

"Na weye utalipa nini?" nikauliza, si kwa kutaka malipo, bali kwa kutaka kusikia atajibu nini.

"Mimi siko na kitu."

Bibi yake alitazama chini. Kuku zangu walikuja kuchungulia kitunga kupitia waya, wanene, wenye afya. Ningeweza kumukataa. Kartie nzima ingesema nimefanya vema, na mwana wangu aliyekosa masomo mwaka ule angesema hivyo zaidi ya wote. Lakini nilitaka aone banda langu kwa ndani. Nilitaka aguse kila waya niliofunga.

"Njiwa itaingia," nilimwambia. "Kanga pia, kasuku pia. Ikizaa, batoto ni yangu."

Akatazama banda, mapipa yaliyonyooshwa, waya mara mbili, na giza la ndani. "Mule hakuna mutu ataiona," alisema polepole.

"Hakuna."

"Hata mutu wa barabara."

"Patro, unaingiza ao unarudi nayo?"

Mama yule akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ingiza." Alilisema kama alivyosema habari za miti miaka ile yote, bila kupandisha sauti. Na safari hii alisikilizwa.

Nikafungua mulango. Mulango wa banda langu ni mufupi, niliukata kwa kimo cha kuku, kusudi anayeingia asitoroshe kitu. Akerere akainama, akaingia na kitunga, magoti mu mavi ya kuku, akaanza kuwatoa mumoja mumoja, akiwashika kifuani kwanza, akiwaambia maneno yake ya Kifransa, halafu akiwaachilia. Ilimuchukua muda murefu. Mugongo wake ulibaki umeinama. Nilisimama inje nimeshika mulango, na sikumwambia kwamba hatua mbili mbele yake paa linapanda, mutu anaweza kusimama wima.